Kifuko cha kadi

kifuko cha kadi nm. (wi. vifuko vya kadi) [ngeli ya ki-/vi-] Mfuko mdogo wa plastiki, ulio wazi upande mmoja, unaotiwa kadi moja ya mchezo ili isichakae, isilowe wala isipate alama.

Kadi au karata? Karata, neno lenye asili ya Kireno, aghalabu hutaja zile za kopa, uru, pau na shupaza. Kwa michezo ambayo wachezaji hukusanya na kubadilishana, kama vile Magic: The Gathering iliyoanza mwaka 1993, neno kadi ndilo lifaalo. Hata hivyo, kitenzi changa hutumika kwa zote mbili.

Kosa la kuepukwa. Kwa Kiingereza, kifaa hiki huitwa kwa jina lile lile la mkono wa shati. Mfasiri akiandika «mkono wa kadi», msomaji atadhani zinatajwa kadi alizoshika mchezaji. Ala nayo hukumbusha kisu au muziki, hivyo kifuko ni wazi zaidi.

Vipimo. Kadi za Magic na za Pokémon zina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, za Yu-Gi-Oh! ni ndogo zaidi, milimita 59 kwa 86. Watengenezaji wengine huandika ukubwa wa kadi, wengine ukubwa wa kifuko chenyewe, ambacho kwa kadi ya 63 kwa 88 huwa takriban 66 kwa 91. Tafsiri isiyobainisha ni kipimo cha nini humfanya mnunuzi apate vifuko visivyoingia kadi, au vipana hata kadi ikacheza ndani. Iandikwe basi «kwa kadi za milimita 63 × 88» au «kifuko cha milimita 66 × 91».

Unene na aina. Unene hupimwa kwa mikroni: kifuko chembamba huchanika upesi, kinene hustahimili kuchangwa mara nyingi. Plastiki ya polipropilini ni salama kwa kuhifadhi kadi. Ile ya PVC ina kemikali za kulainisha ambazo, kadiri miaka inavyopita, huweza kuharibu wino na karatasi.

Angavu na -sioonyesha. Kifuko angavu huonyesha pande zote mbili. Kisichoonyesha huficha mgongo wa kadi. Katika mashindano, tofauti hii ina uzito: kifuko kimoja kilichokunjika pembe au kupauka rangi huifanya kadi itambulike kabla ya kufunuliwa, na mchezaji huweza kuadhibiwa hata kama hakukusudia hila.

Mifano ya matumizi
• Kila mchezaji atie kadi zake zote katika vifuko vya aina na rangi moja.
• Kifuko cha ndani hutangulizwa mdomo chini, kisha cha nje huvishwa mdomo juu, vumbi lisipate njia.
• Kifuko kikichanika, vibadilishwe vyote, si kimoja.