Mfuko wa Afya ya Jamii mkoani Mtwara

Mfuko wa Afya ya Jamii (hujulikana zaidi kwa kifupi chake CHF) ni mpango wa bima ya afya usiolenga faida ulioanzishwa nchini Tanzania kwa ajili ya kaya zisizo na ajira rasmi, kama vile za wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wadogo. Kaya hujiunga kwa hiari, hulipa mchango mara moja kwa mwaka, na wanakaya hutibiwa bila kulipa tena wanapofika kituoni. Katika Mkoa wa Mtwara, kusini-mashariki mwa nchi, mpango huu unahusu hasa wakulima wa korosho wa bara na jamii za pwani hadi maingilio ya Mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji.

Historia

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, huduma katika vituo vya afya vya serikali zilitolewa bila malipo. Kufuatia hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980, serikali ilianza mwaka 1993 kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama, kwanza katika hospitali kubwa. Ili mwananchi asilazimike kutafuta fedha siku anapougua, CHF ilianza kwa majaribio katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, mwishoni mwa mwaka 1995.

Mwaka 2001 Bunge lilitunga Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na mpango ukaenea katika halmashauri nyingine. Kila halmashauri ilipanga kiwango chake cha mchango kwa sheria ndogo, na bodi ya afya ya halmashauri ilisimamia fedha. Serikali kuu iliongeza fedha kulingana na michango ya wananchi, utaratibu unaoitwa "tele kwa tele". Mijini mpango kama huo uliitwa Tiba kwa Kadi (TIKA). Mwaka 2009 usimamizi uliwekwa chini ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ambao ulianza kwa kuwahudumia watumishi wa serikali.

Udhaifu mkubwa wa mfumo wa awali ulikuwa kwamba kadi ilitumika karibu na nyumbani tu. Mwanachama aliyepewa rufaa au aliyeugua akiwa safarini mara nyingi alijikuta akilipa kama asiye na bima. Kuanzia mwaka 2018 ilienezwa CHF iliyoboreshwa, chini ya Ofisi ya Rais inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Namna inavyofanya kazi

Katika CHF iliyoboreshwa kaya ya watu wasiozidi 6 ilipangiwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka, isipokuwa Dar es Salaam ambako kiwango kilikuwa kikubwa zaidi. Kwa kaya ya watu 6, hiyo ni sawa na shilingi 5,000 kwa kila mtu. Afisa mwandikishaji huwafuata wananchi kijijini au mtaani, huchukua taarifa na picha zao kwa simu, na kaya hupewa kadi. Mwanachama huanzia zahanati au kituo cha afya. Akihitaji huduma zaidi hupewa rufaa hadi hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mfuko hauna wanahisa wa kugawana faida. Michango hukusanywa pamoja, kisha vituo hulipwa kwa huduma vilizotoa, na fedha hizo husaidia kununua dawa na vifaa.

Msingi wa bima ni wengi wazima kuwachangia wachache wagonjwa. Kwa mfano, kaya 100 zikilipa shilingi 30,000 kila moja, hupatikana shilingi 3,000,000. Kaya 10 zikiugua na kutumia shilingi 200,000 kila moja, gharama ni shilingi 2,000,000 na mfuko unabaki salama. Lakini wakijiunga wale tu wanaotarajia kuugua, tuseme kaya 20 zikiwemo hizo 10, mfuko hupata shilingi 600,000 tu huku gharama ikibaki ileile.

Mtwara na pwani ya Ruvuma

Mkoa wa Mtwara una halmashauri 9 na, kwa sensa ya mwaka 2022, wakazi zaidi ya milioni 1.6. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Ligula, iliyopo Mtwara mjini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyojengwa eneo la Mitengo, ni ngazi ya juu zaidi, ambako rufaa ya CHF haifiki.

Kipato cha mkoa hufuata majira. Minada ya korosho kwa kawaida huanza mwezi Oktoba, na wakulima hulipwa kupitia vyama vyao vya msingi chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo fedha za korosho hupungua, chakula cha akiba hukaribia kwisha, na mbu huongezeka. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya malaria nchini. Hivyo ugonjwa mara nyingi hubisha hodi wakati mfuko wa kaya ni mtupu. Kadi iliyolipiwa wakati wa mauzo ya korosho huilinda kaya katika miezi hiyo.

Kwa wavuvi wa Msimbati na vijiji vingine vilivyomo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hali ni tofauti. Wao hupata fedha kidogo kidogo, na pepo za kusi zikivuma kwa nguvu vyombo vidogo hushindwa kutoka. Kwao kutoa shilingi 30,000 kwa mkupuo ni kugumu kuliko kwa mkulima aliyelipwa korosho zake. Aidha, baadhi ya wakazi huvuka Ruvuma kwenda Msumbiji kwa biashara au kutembelea ndugu, na kadi haitumiki ng'ambo.

Kwa wakulima walio katika ushirika, NHIF ilianzisha mpango mwingine uitwao Ushirika Afya, uliolenga mazao ya korosho, pamba, kahawa, chai na tumbaku.

Changamoto

Kwa kuwa kujiunga ni hiari, wengi husubiri hadi waugue, na wengine hawahuishi kadi mwaka unapokwisha. Upungufu wa dawa pia huvunja moyo: mwenye kadi akiambiwa akanunue dawa duka la nje, huona amelipa mara mbili. Wanachama wakipungua mapato ya kituo hushuka, na dawa huzidi kuadimika. Isitoshe, bima hailipi nauli, ilhali kutoka vijiji vya mpakani hadi Ligula ni safari ndefu.

Wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wana msamaha wa malipo kwa mujibu wa sera ya afya, sawa na wazee wasio na uwezo.

Bima ya Afya kwa Wote

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima na inayoweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Rwanda ilitangulia katika njia hiyo: bima yake ya jamii, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999, baadaye ilifanywa ya lazima, na serikali huwalipia maskini zaidi. Kwa mikoa kama Mtwara, mabadiliko hayo yanagusa udhaifu mkuu wa CHF, yaani mfuko wa hiari wenye wanachama wachache.