Ukinzani si Kizuizi

Kijidudu kisichouawa tena na dawa kina usugu. Walioshika silaha katika Vita vya Majimaji, kuanzia 1905, walifanya upinzani dhidi ya utawala wa Wajerumani. Waya unaoupitisha umeme kwa taabu una ukinzani. Kiingereza hutosheka na neno moja kwa mambo hayo yote, nasi tunayo matatu. Hilo la tatu lina maana nzito kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa kukinza si sawa na kuziba njia.

Tuanze na matumizi ya kila siku. Maelezo ya mashahidi wawili yanapokinzana, hakuna aliyemziba mwenzake mdomo. Yote mawili yamesikika mahakamani, ila kila moja limelipunguzia jingine nguvu. Umeme nao ni hivyo hivyo. Penye ukinzani mkondo hupita, lakini hupita umepungua. Kinachoukatalia kabisa kina jina lake, kihami, kama vile mpira, plastiki na kioo. Anayefasiri ukinzani kwa neno “kizuizi” huwa amechanganya vitu hivyo viwili.

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni inayotumika hadi leo: ukigawanya volteji kwa ukinzani, unapata mkondo. Kipimo cha ukinzani, omu, kimetokana na jina lake.

Chukua betri ya volti 9 na taa ndogo nyekundu ya LED, kama ile inayowaka usoni mwa redio. Taa hiyo hutosheka na volti 2 hivi. Ukiiunganisha na betri moja kwa moja, mkondo huzidi kiasi inachoweza kustahimili. Itamulika kwa nguvu kwa muda mfupi tu, kisha itaungua. Sasa weka kati yake na betri kale kadude kadogo kama punje ya mchele, kenye waya huku na huku. Mafundi hukaita rezista. Anayetaka kubaki na mzizi wa ukinzani atasema kikinza. Kana pete za rangi: njano, zambarau, kahawia, kisha dhahabu. Njano ni 4, zambarau ni 7, na kahawia huongeza sifuri moja, jumla omu 470. Dhahabu inakuonya kwamba thamani hiyo huweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 5. Taa ikishachukua volti zake 2, zinabaki 7 za rezista. Gawanya 7 kwa 470, utapata ampea 0.015 hivi. Taa inawaka vizuri na haiungui. Inawaka kwa sababu umeme umekinzwa. Ungezuiwa, ingebaki giza.

Nishati inayochukuliwa na ukinzani haipotei, hugeuka joto. Pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta mkondo wa ampea 4.3 hivi, na koili yake ina ukinzani wa takriban omu 53. Mkondo huo huo ndio unaopita kwenye waya wake wa ukutani. Mbona waya haunyooshi nguo? Waya ni wa shaba, ukinzani wake haufiki hata omu moja. Koili kwa kawaida ni ya mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, iliyochaguliwa makusudi kwa ukinzani wake mkubwa.

Ndiyo maana nalitetea neno hili. Siku utakapochomoa plagi ukaikuta ya moto, ujue ukinzani umezaliwa mahali pasipotakiwa: pengine skrubu imelegea, au chuma kimeshika kutu. Mwenye kufikiria kizuizi ataridhika kwamba umeme haujakatika, aendelee kupiga pasi. Mwenye kufikiria ukinzani atajua kwamba umeme unapita kwa taabu pale pale palipomchoma kidole, na atapatengeneza kabla hapajashika moto.