Jina Lililodumu Kuliko Wapangaji

Katika barabara ya Mizingani, Unguja, likielekea bandarini, lipo jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyepata kusimamia forodha ya Sultani, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, akikusudia liwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Mjane wake akaendeleza ujenzi. Baadaye likauzwa kwa mfanyabiashara mwingine: chini pakatolewa dawa, juu wakakaa wapangaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliingia mikononi mwa serikali, likachakaa, hata likakarabatiwa katika miaka ya 1990 na kuwa kituo cha utamaduni chenye ofisi na maduka.

Pamoja na mageuzi yote hayo, hadi leo linaitwa Dispensari ya Zamani. Halikuitwa kwa jina la mjenzi wala la mpangaji wa mwisho, bali kwa kazi iliyomfaa mgonjwa. Basi anayetaka kubadili kibao cha jengo kongwe na aulize kwanza watu huliitaje. Jina likifutwa, hufutika pia habari za waliotibiwa humo, ambao hawakuandikwa penginepo.