Dhahabu ya Sekenke na Haki ya Wazee

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega, akisha kuteremka mlima Sekenke, hufika Shelui, mji mdogo wa wilaya ya Iramba karibu na mbuga za Wembere. Na aghalabu hupita asijue kwamba katika vilima vile Wadachi walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909, wala kwamba fedha ya ijara, pamoja na kodi iliyoitangulia, iligeuza namna ya mtoto kumtunza mzazi wake mkongwe.

Zamani wajibu huo ulilipwa kwa jasho. Madhali mahari ya kijana ilitoka katika zizi la mzee, kijana hakuwa na budi kumlimia mtama, kumwezekea nyumba na kumchungia mifugo. Hata nguvu zilipomwishia, mzee hakuomba ihsani, bali alidai haki yake, kwa kuwa alikwisha kutoa kabla ya kupokea.

Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa na serikali ya Kidachi mwaka 1898 kwa rupia 3 kila nyumba ya shamba, ilimkuta mzee mwenye nyumba na ng'ombe asiye na rupia, ilhali mwanawe, aliyekuwa akingoja mahari, aliweza kuzipata kwa kuuza nguvu zake. Na Waingereza waliowafuata, kwa sheria yao ya 1922, wakatoza kodi ya nyumba na ya kichwa pia. Hapo mizani ikapinduka, baba akawa ndiye mwenye kungoja. Kabla ya hapo, mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, dhahabu ya Sekenke ilifuliwa Tabora ikawa sarafu za rupia 15, zenye sura ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Lakini mzazi kijijini hakuwa na haja ya tembo wa dhahabu, haja yake ilikuwa rupia tatu za kodi, nguo na chumvi.

Walioumia zaidi ni wajane wasio na mifugo wala wana, kwa kuwa hawakuwa na cha kutoa wala wa kuwatetea. Katika Usukuma jirani, vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi walihukumiwa kwa macho mekundu tu, wekundu ulioletwa na moshi wa jikoni.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na Zanzibar, Aprili 2016, ikaanza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 pensheni, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Lakini Bara pensheni bado humfuata aliyechangia mfuko, na mkulima wa alizeti au mchimbaji mdogo wa Shelui aghalabu hakuchangia popote. Mwanawe humtumia fedha kwa simu, naye hufuga kuku wa kienyeji wa kuuza siku simu isipolia. Kuku hao si dalili ya kutelekezwa: ndio zizi lake lililobaki, na mzee mwenye chake cha kutoa hata leo husikilizwa barazani.