Kutoka Fifi hadi Kamera: Historia ya Jicho katika Uainishaji wa Pamba ya Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Kwa miongo mingi, soko la pamba nchini Uganda na Tanzania liliongozwa na maneno mawili: safi na fifi. Safi ilikuwa pamba nyeupe isiyo na doa. Fifi, neno lenye nasaba na kitenzi kufifia, ilikuwa pamba iliyopoteza weupe wake. Mkulima aliyetamka maneno hayo alikuwa akitoa hukumu ya rangi na mwanga, muda mrefu kabla ya kamera kufungwa katika viwanda vya kusokota nyuzi. Makala haya yanafuatilia safari ya hukumu hiyo kutoka mkekani hadi mashineni. Yanadai kwamba chombo kilipobadilika, msamiati wa wakulima haukubadilika nacho, na kwamba pengo hilo lina gharama ya kiuchumi.

2. Mkeka, mizani na daraja

Pamba ya biashara ilianza kuenezwa nchini Uganda mwaka 1903. Haukupita muda kabla ya wasokotaji wa Lancashire kulalamikia mchanganyiko wa nyuzi ndefu na fupi uliotokana na mbegu za aina nyingi. Sheria ya mwaka 1908, wakati wa Gavana Hesketh Bell, iliweka ugawaji wa mbegu chini ya serikali na kupiga marufuku vinu vya mkono. Tangu mwanzo, basi, ubora ulielezwa kama suala la usimamizi wa mzalishaji, ilhali kipimo chenyewe kilikuwa ng'ambo.

Daraja mbili zilizotumika katika ununuzi zilitokana na tatizo halisi la shambani. Kangambili hufyonza mbegu ndani ya tunda la pamba na kuingiza kuvu inayogeuza nyuzi kuwa za manjano. Pamba hiyo ilipaswa kutengwa nyumbani kabla ya kupelekwa sokoni, kazi iliyoangukia mara nyingi mikononi mwa wanawake na watoto. Kipimo chao kilikuwa jicho na mwanga wa jua.

Hukumu ya jicho ilikuwa pia uwanja wa mamlaka. Katika Kanda ya Ziwa ya Tanganyika, manung'uniko juu ya mizani ya wanunuzi yalichochea vyama vya ushirika ambavyo, kufikia mwaka 1955, viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake. Uzito uliweza kuthibitishwa kwa kupima upya mbele ya mashahidi. Rangi haikuwa na ushahidi wa namna hiyo: mnunuzi akisema fifi, mkulima hakuwa na chombo cha kumpinga.

3. Jicho la mashine

Chombo kilianza kupatikana Marekani, ambako Dorothy Nickerson na Richard Hunter walibuni kifaa cha kupima rangi ya pamba kilichokuwa kikitumika kufikia miaka ya 1950. Kifaa hicho kilitenganisha mambo mawili ambayo neno fifi huyachanganya, yaani kiasi cha mwanga unaoakisiwa na kiwango cha umanjano. Kuanzia mwaka 1991, pamba ya kawaida ya Marekani iliainishwa kwa mitambo ya kasi inayopima pia urefu na uimara wa nyuzi. Miaka iliyofuata, mradi wa kimataifa wa kusawazisha upimaji huo ulikifanya kituo cha Dar es Salaam, katika Shirika la Viwango Tanzania, kihudumie Afrika Mashariki na Kusini.

Hata hivyo, mitambo hiyo hupima sampuli ndogo kutoka kila robota. Kipande cha plastiki kilicho katikati ya robota huipita bila kuonekana. Kwa hiyo viwanda vya kusokota vilianza, hasa tangu miaka ya 1990, kufunga kamera katika njia ya hewa inayosafirisha pamba. Kamera hulinganisha rangi ya kila kinachopita, na kitu kigeni kikigunduliwa, mpulizo wa hewa hukitoa papo hapo. Kwa kuwa polipropilini nyeupe hufanana na pamba, mwanga wa kawaida hautoshi. Mwanga uliopangwa katika mwelekeo mmoja hutumiwa kubaini plastiki angavu, na mwanga wa urujuanimno kubaini vitambaa na karatasi zenye kemikali za kung'arisha. Vihisi vingine hukagua uzi wenyewe na kuukata penye kasoro.

Ukali huo una sababu. Uzi mmoja uliochomoka kwenye kiroba huchanwa na mashine kuwa nyuzinyuzi nyingi, ukaenea katika uzi mrefu wa pamba. Polipropilini haishiki rangi zinazotumika kwa pamba, hivyo doa hujitokeza baada ya kitambaa kupakwa rangi, wakati gharama yote imekwisha kuingia.

4. Jicho lililofumbwa

Wakati mashine za ng'ambo zilipokuwa zikifumbua macho, macho ya huku yalikuwa yakifumbwa. Biashara ya pamba ilifunguliwa kwa kampuni binafsi nchini Uganda na Tanzania katikati ya miaka ya 1990. Wanunuzi waligombea mzigo, na nchini Tanzania utengaji wa safi na fifi ulidhoofika sana vituoni. Mkulima aliyechagua pamba yake kwa uangalifu alipata bei ileile ya asiyechagua. Viroba vya plastiki navyo vilizidi kutumika kuvunia na kusafirishia.

Hapa ndipo tatizo la lugha linapojitokeza. Fifi hutaja pamba iliyoharibika yenyewe. Haitaji kitu kisicho pamba. Uchafu, kwa matumizi ya kawaida, huelekeza mawazo kwenye majani, mchanga na vumbi. Kiroba kipya kilichooshwa si kichafu kwa maana hiyo, na uzi wake ni mweupe kuliko pamba safi. Mkulima anayeambiwa “leta pamba safi” anaweza kutii kikamilifu na bado akaharibu robota.

5. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kasoro hugunduliwa mbali na inakotokea, na kwamba punguzo la bei hurudi bila maelezo. Hatua tatu zinafuata. Kwanza, viwango vya Kiswahili vya nchi za kanda vitenganishe rangi, uchafu na kitu kigeni, na neno kitu kigeni lifafanuliwe kwa mifano: uzi wa kiroba, kamba ya katani, nywele, manyoya. Pili, taarifa za vihisi vya viwandani zirejeshwe hadi kituo cha ununuzi kwa lugha hiyo. Tatu, bei itofautiane tena kwa ubora, na vifaa vya kuvunia vya kitambaa cha pamba vipatikane kabla ya msimu. Bila bei tofauti, istilahi haitamshawishi mkulima. Bila istilahi, hatajua ni kosa gani lililompunguzia bei.