Gari la zamani: ekzosi ikitoboka, hatari si kelele

Wenye Volkswagen Beetle, Peugeot 504 na Land Rover za zamani hutunza sana injini na rangi. Ekzosi husahaulika mpaka ianze kupiga kelele. Lakini kelele ni kero tu. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu.

Kwa nini gari la zamani?

Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970 hayana masega ya kusafisha moshi. Yanatumia kabureta, na moshi wake una sumu hiyo kwa wingi kuliko wa magari ya sasa. Ikiingia mwilini, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Beetle inahitaji uangalifu zaidi. Injini yake inapozwa kwa upepo, haina rejeta, hivyo hita huchukua joto kwenye ekzosi. Feni husukuma hewa kuzunguka bomba la moto lililofunikwa kwa bati, kisha hewa hiyo inaingia ndani ya gari. Bomba likiliwa na kutu humo, ukiwasha hita unajipulizia moshi. Hapo usikubali kiraka, badilisha kifaa chote.

Kagua hivi, gari likiwa nje

1. Washa injini ikiwa ya baridi. Ukisikia "tik-tik" kwenye manifoldi, na mlio unapungua chuma kikipata moto, huenda gasketi inavuja.
2. Tafuta masizi meusi kwenye maungio.
3. Kabla bomba halijapata moto, mtu azibe ncha yake kwa kitambaa kinene kwa sekunde mbili tatu. Palipotoboka patapiga "fsss".
4. Angalia matundu ya sakafuni, raba za pedali na raba ya buti. Kuendesha buti likiwa wazi huvuta moshi ndani.
5. Hakikisha mpira wa petroli na nyaya haziligusi bomba.

Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Usiache injini ikiunguruma ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Na usiegeshe juu ya majani makavu ekzosi ikiwa ya moto.

Dalili za sumu

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi. Abiria wawili watatu wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja, usiseme ni uchovu wa safari. Simamisha gari, zima injini, tokeni wote nje mpate hewa safi, kisha muende hospitali kwa usafiri mwingine. Mwambieni daktari kuhusu moshi, maana dalili hizi hufanana na za malaria au mafua.

Gari lisiendeshwe tena mpaka fundi apate tundu na kuliziba.