Onyo la upepo ambalo madereva wa Mulongwe hawaliamini tena

Gari linapoingia kwa kwado, fundi wa mipira, pale Mulongwe mjini Uvira huku taa ya upepo ikiwaka, mara nyingi dereva ameshatoa hukumu kabla ya kuzima injini: taa hiyo ni ya uongo. Ni taa ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la sufuria lililopasuliwa katikati na alama ya mshangao ndani yake. Kwado anazunguka gari, anabonyeza mipira, pengine anachomeka kipimo, na wote wawili wanakubaliana kwamba upepo upo. Gari linaondoka kuelekea Kavimvira au Kalundu, taa ikiwaka vilevile. Wapo wenye magari waliokwisha kuibandikia plasta nyeusi wasiione kabisa.

Nawaelewa. Lakini taa hiyo ililipiwa kwa maisha ya watu, na anayejua ilikotoka ataelewa pia kwa nini hapa Uvira inawaka pasipo sababu ya kuonekana.

Mwanzo wake ni joto. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Ford ya Marekani iliuza kwa wingi gari lake la Explorer, gari la kimo kirefu, likiwa na mipira ya Firestone. Ford ilielekeza mipira hiyo ijazwe psi 26. Baadaye, mambo yalipoharibika, Firestone ilishikilia kwamba 30 ndiyo ingefaa. Tofauti ya psi 4 inaonekana si kitu, lakini mpira wenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila unapokanyaga lami, kujikunja huko huzaa joto, na joto hulegeza mshiko kati ya ngozi ya nje na nyaya za chuma zilizo chini yake. Gari likiwa limesheheni, jua kali, barabara ndefu na mwendo wa kasi, ngozi ya mpira ilibanduka kwa ghafla na gari likabiringika.

Nchi za joto ndizo zilizotangulia kuyaona hayo. Mwaka 1999 Ford ilianza kuwabadilishia mipira wateja wake wa Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, na mwaka 2000 ikafanya hivyo Venezuela, huku wateja wa Marekani kwenyewe wakiwa bado hawajatangaziwa lolote. Februari 2000 kituo cha televisheni cha KHOU, mjini Houston, Texas, kilirusha uchunguzi wa mwandishi wake Anna Werner, na malalamiko yakamiminika serikalini. Tarehe 9 Agosti 2000 Firestone ikatangaza kuirudisha mipira milioni 6.5. Hesabu ya mwisho ya serikali ya Marekani ilitaja vifo 271.

Kabla mwaka haujaisha, bunge la nchi hiyo lilikuwa limetunga sheria inayoitwa TREAD, na Rais Bill Clinton akaitia saini tarehe 1 Novemba 2000. Ndani yake mlikuwa na agizo fupi: magari mapya yawe na chombo cha kumwonya dereva pale mpira unapopungukiwa upepo sana. Chombo chenyewe hakikuwa kigeni. Porsche ilikuwa nacho kwenye gari lake la 959 tangu mwaka 1986, Corvette ya mwaka 1997 ikawa nacho, na Renault ikakitia kwenye Laguna ya mwaka 2000. Hadi hapo kilikuwa kitu cha wenye uwezo. Sheria ndiyo iliyokifanya kiwe cha kila mtu, na hatimaye kikafika mpaka kwetu.

Palipozuka ubishi ni kwenye namna ya kupima. Njia moja ni kuweka ndani ya kila gurudumu kihisi chenye betri na redio ndogo, ambacho kinapima upepo wenyewe na kulitumia gari taarifa. Njia ya pili ni rahisi zaidi: gari linatumia vifaa vya breki za ABS kuhesabu mizunguko ya magurudumu, kwa kuwa mpira uliopungua upepo una kimo kifupi kidogo na hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake. Njia hiyo ya pili ina upofu mkubwa. Mipira yote minne ikipungua kwa kiasi kimoja, kama inavyopungua kwa miezi kwenye gari lisilopimwa, hakuna wa kuulinganisha na mwenzake, na taa inabaki kimya.

Mwaka 2002 idara ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa kanuni iliyowaachia watengenezaji kuchagua njia yoyote kati ya hizo mbili. Shirika la kutetea walaji la Public Citizen likaenda mahakamani, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa huko New York ikaifuta kanuni hiyo. Naona huo kuwa uamuzi wa haki, kwa sababu onyo linaloona kasoro ya mpira mmoja lakini halioni kasoro ya minne halikustahili kuitwa onyo. Kanuni mpya ikatoka Aprili 2005: taa iwake upepo ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichopendekezwa, hata ikiwa ni mipira yote kwa pamoja, na isichukue zaidi ya dakika 20. Kufikia tarehe 1 Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa nayo. Ulaya ikafuata: aina mpya za magari kuanzia Novemba 2012, na magari yote mapya kuanzia Novemba 2014.

Ndani ya kanuni ya 2005 kuna kipengele ambacho natamani kila shofa wa Mulongwe angekijua. Gari linalotumia taa moja kwa kazi zote mbili lilitakiwa kutofautisha upepo uliopungua na mtambo ulioharibika. Upepo ukiwa pungufu, taa inawaka moja kwa moja bila kupepesa. Mtambo ukiwa mbovu, kila gari linapowashwa taa inapepesa kwa muda wa sekunde 60 hadi 90, kisha ndipo inatulia na kubaki ikiwaka. Dereva anayewasha gari na kuondoka bila kutazama dashibodi anaikuta imeshatulia, na hawezi tena kujua ameambiwa lipi kati ya mawili. Ninavyoona, sehemu kubwa ya taa zinazoitwa za uongo katika mji huu ni za aina hii ya pili. Zinasema kweli kwamba gari haliwezi tena kupima, na kwa hiyo dereva hana mlinzi.

Sababu ni umri. Betri ya kihisi imefungwa ndani ya utomvu mgumu, haibadilishwi, na maisha yake ni kati ya miaka 5 na 10. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilisema magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Marekani na Japani kati ya 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa kuliko zote. Gari linalovuka Ziwa Tanganyika au kuingia kwa njia ya Burundi likiwa na miaka 12 au 15 linafika na vihisi vilivyokwisha kufa. Na kama kimoja kilibaki hai, kina hatari ya kuvunjika siku kwado anapong'oa mpira kwa vyuma, maana hakuna aliyemwambia kwamba nyuma ya valvu kuna chombo.

Kukibadilisha nako ni mtihani. Vihisi vingi vya Marekani huongea kwa masafa ya megahezi 315, vya Ulaya kwa 433. Ukifunga cha Ulaya kwenye gari la Marekani, gari halisikii kitu. Hata masafa yakiwa sawa, kila kihisi kina namba yake ambayo mara nyingi lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari kwa kifaa maalumu. Lawama hapa siiweki kwa kwado. Naiweka kwa waliobuni chombo cha usalama kisichodumu kama gari lenyewe, wakijua fika magari yao huishia wapi.

Liko pia onyo linalotokana na nchi yetu yenyewe. Uvira iko kwenye kimo cha mita 770 hivi, Bukavu kwenye 1,500. Vihisi vingi hupima msukumo wote ulio ndani ya mpira, kisha gari huondoa uzito wa hewa ya nje. Yapo magari yanayoondoa daima kiasi cha usawa wa bahari. Gari la namna hiyo likijazwa Bukavu bar 2.2 kwa kipimo sahihi, dashibodi itaonyesha kama 2.05. Ongeza sasa joto. Mpira uliotoka Kamanyola saa saba mchana una moto, ukijazwa 2.2 hapo hapo Mulongwe, alfajiri utakuwa 1.9 na kidogo. Ukipanda mlima wa Ngomo kuelekea Bukavu na baridi ya asubuhi, gari linaweza kusoma karibu 1.8, na taa inawaka kwenye 1.65. Mpira unaovuja kidogo tu unatosha kumalizia pengo hilo. Hapo taa haijasema uongo wote, kwa kuwa upepo ulikuwa pungufu tangu ulipopimwa mpira ukiwa moto.

Magari yanayohesabu mizunguko yana udhaifu wao. Yakifungwa mpira mmoja mpya pamoja na mitatu iliyolika, au saizi tofauti, kama tunavyolazimika kwa mipira ya mitumba, yanaona magurudumu hayaendi sawa na kutoa onyo. Mengi yanahitaji kubonyezwa kitufe ili yajifunze upya kila mipira inapobadilishwa au kujazwa.

Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na South Carolina walionyesha jambo zito zaidi: redio za vihisi hazikuwa na ulinzi wowote. Waliweza kuzinasa kutoka umbali wa mita 40, na wakawasha taa ya upepo kwenye gari lililokuwa barabarani kwa kulitumia ujumbe wa kughushi kutoka gari jingine, mipira ikiwa mizima.

Tangu Julai 2024 Ulaya inadai chombo hiki pia kwenye malori na mabasi mapya. Malori hayo yatafika Kalundu yakiwa yamezeeka, na betri zake zitakuwa katika hali ileile. Kwa wenye malori ipo tayari njia nyingine: vihisi vinavyofungwa nje, juu ya valvu, vyenye kioo chao ndani ya gari na betri ndogo ya duara ambayo mtu anaibadilisha kwa mkono wake. Havisikilizi kompyuta ya gari wala masafa ya nchi lilikotengenezwa, na kiwango cha kuonya anakiweka mwenye gari mwenyewe, asubuhi, mpira ukiwa baridi.